Nilisubiri Niuweze Wimbo Ndipo Niende kwa Mzee

Barua hii imetoka Mulongwe, mjini Uvira. Mwandishi ameomba majina yabadilishwe, nasi tumeyabadilisha. Anayejibu ni Mama Sidonie, mtangazaji wetu wa redio.

Mama Sidonie mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na nakuomba unishike mkono, maana nimefika mahali ambapo hata kulishika gitaa langu naogopa, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia, kwa sababu wote wanaamini jambo ambalo si kweli, na mimi ndiye niliyewafanya waliamini.

Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, napiga gitaa la solo katika korali ya kanisa letu, na aliyenifundisha ni kiongozi wa korali, marehemu mzee Ildephonse, ambaye sote tulimwita Maestro. Alinichukua nikiwa na miaka kumi na mitatu, akanipa gitaa lake mwenyewe, akanikata kucha za mkono wa kushoto kwa wembe wake, akasema nisimrudishie mpaka vidole viote ngozi ngumu, na vilipoota akasema nibaki nalo. Yote ninayoyajua katika muziki niliyatoa kwake.

Maestro alikuwa na desturi moja ambayo korali nyingine zilitucheka kwa ajili yake. Tukiwa mazoezini, mtu yeyote akikosea, hata neno moja, alikuwa anainua ngumi juu na kusema, “Ku mwanzo!” na sisi watu arobaini tunaanza wimbo upya, na kuna siku tulirudi mwanzo mara kumi na tisa kwa wimbo mmoja mpaka sauti za akina mama zikakauka. Watu wa Kavimvira walituita Korali ya Ku Mwanzo, nasi tulijivunia jina hilo, maana tukisimama mbele ya watu tulikuwa safi. Na mimi nyumbani nilikuwa nafanya hivyohivyo, nikikosea narudi mwanzo, nikikosea tena narudi tena, na niliamini hayo ndiyo mazoezi.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Maestro alitimiza miaka arobaini ya kuongoza korali, na sherehe ikafanywa Sange kwa sababu ndiko alikozaliwa. Alitunga wimbo mpya wa kumshukuru Mungu, na kati ya ubeti wa tatu na wa nne aliweka mahali ambapo korali yote inanyamaza na gitaa linalia peke yake, akaniambia, “Hapa minye nilikuwachia nafasi. Hakuna mwengine atapiga hapa, ni weye.” Nilijifunza miezi miwili chumbani, mlango nimefunga, uso ukutani ili nisione kitu cha kunipotezea mawazo, na wiki ya mwisho nilikuwa naupiga mwanzo hadi mwisho bila kosa.

Siku yenyewe korali zilitoka Kiringye, nyingine zilishuka kwa miguu kutoka Rurambo, uwanja ukajaa, na Maestro alikuwa amekaa mbele katika suti mpya pamoja na mkewe Mama Agnès, na mimi ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu nikapiga vizuri kabisa. Halafu korali ikanyamaza. Nikaona macho yote yananitazama mimi, nikaona kijana mmoja ameinua simu ananichukua video, vidole vikawa baridi, nikakosa kamba moja, kamba moja tu, Mama, na mkono wangu ukarudi wenyewe mwanzo wa wimbo. Sikuutuma. Waimbaji wakashtuka, wengine wakaanza ubeti wa kwanza, wengine wakabaki midomo wazi, nikajaribu tena, nikafika palepale, mkono ukarudi mwanzo mara ya pili. Mara ya tatu sikujaribu. Niliinama nikashika waya wa gitaa, nikautikisa, nikamtazama Frédéric, anayeshughulikia vyombo vyetu, nikatikisa kichwa kama mtu aliyekatikiwa sauti.

Hapo Maestro alisimama kitini akaanza kuimba ubeti wa nne peke yake, na sauti yake ilikuwa imeshachoka, korali ikamfuata, wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi. Baadaye wakubwa wa korali walimuuliza Frédéric mbele yangu, “Waya mubovu, uliileta hapa ya nini?” Frédéric akanitazama, mimi nikatazama viatu vyangu, na yeye hakunitaja. Wakamtoa kwenye kazi ya vyombo. Hadi leo anakuja kanisani anakaa nyuma na kuondoka mapema.

Mwezi wa kumi Maestro akashikwa na ugonjwa wa moyo. Mama Agnès alikuja kwetu akasimama mlangoni, akasema, “Muzee anasema ukuje. Anasema ukuje hata bila gitaa.” Nikajibu nitakuja. Lakini hilo neno la bila gitaa lilinichoma, nikaelewa kwamba hataki tena kunisikia, basi nikaweka nia kwamba nitakwenda siku nitakapouweza wimbo wake, nitachukua gitaa, nitakaa kando ya kitanda na kuupiga wote bila kosa hata moja, ndipo nitaomba msamaha. Nikawa nafanya mazoezi kwa muda wa saa nne kila siku, nikikosea narudi mwanzo. Wiki ya pili Mama Agnès akarudi, “Uko na kazi mingi? Muzee anakuuliza kila siku.” Nikamwambia, “Mama, minye niko nakuja juma yenye inakuja.” Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo tu. Maestro alifariki siku ya Alhamisi mchana, na mimi nilikuwa chumbani na gitaa mapajani niliposikia watu wanalia upande wa kwao.

Sasa mwaka unakaribia kutimia, na baada ya wiki tano familia itaondoa kilio, ile sherehe ya kumaliza matanga. Mama Agnès alikuja tena, safari hii na samaki watatu wa kukaanga, mikeke ya ziwa letu, katika sahani iliyofunikwa, akaniambia, “Ile wimbo ya Muzee njo itaimbwa, na weye njo utapiga. Minye sitaki mwengine.” Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo napiga saa sita kwa siku, na ninazidi kuharibika, sasa nakosea hata ubeti wa kwanza ambao niliujua usingizini. Nimefikiria kujifunga bandeji kidoleni niseme nimejikata, au niende mji wa Baraka kwa binamu zangu nirudi sherehe ikiwa imepita. Nisaidie, Mama. Nimwambie vipi mjane huyu hapana bila kumuumiza? Na hofu hii ina dawa, au niseme tu kwamba mimi si mwanamuziki, Maestro alikosea kunichagua?

Mpiga gitaa, Mulongwe.

Mama Sidonie anajibu:

Mwanangu mpiga gitaa,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, na jibu langu lina vyote viwili.

Bandeji hiyo itupe leo. Ulishadanganya na waya, sasa unataka kudanganya na kidole, mwakani utadanganya na nini? Na Baraka usiende. Binamu zako hawana shida na wewe.

Nikuambie kwanza lililoniliza. Mgonjwa wa moyo, aliyejua hali yake kuliko sisi, alikutumia ujumbe uende hata bila gitaa, nawe ukasikia kwamba amekuchoka. Mwanangu, mtu aliyekuchoka hakuiti mara mbili, wala haulizi habari zako kila siku. Mzee alikufahamu tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu. Alijua kinachokuzuia ni hilo gitaa, akakutua mzigo ili uingie mikono mitupu ukae. Wewe ukaurudisha mzigo kichwani ukaufunga kamba. Alitaka kukuambia nini? Sijui. Nawe hutajua kamwe, na sitakudanganya kwamba maumivu hayo yataisha. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na huyu wako utaishi naye nyumba moja. Jifunze kukaa naye vizuri, basi.

Lakini angalia ulivyochelewa. Hukwenda kulewa, hukuwa na kazi nyingi. Ulichelewa kwa sababu ya mazoezi, na mazoezi yenyewe yalikuwa mabaya. Hapo ndipo nilipokasirika.

Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na nyimbo za watoto za mwisho wa mwaka zilikuwa mikononi mwangu. Kila darasa lilikuwa na mtoto mmoja ambaye jedwali la saba analijua lote, lakini ukimuuliza saba mara nane, anafumba macho na kuanza, saba mara moja, saba mara mbili, anapanda ngazi nzima mpaka afike. Ukimkatiza katikati, amekwisha, lazima ashuke aanze upya. Mtoto huyo ana akili. Ila amefundishwa kuingia nyumbani kwa mlango mmoja tu. Na wewe wimbo huo unaujua kwa mlango mmoja. Ubeti wa kwanza umeupiga labda mara elfu mbili, mahali pa gitaa peke yake labda mara mia mbili, halafu unashangaa kwamba ndipo pabovu! Pia, kila ulipokosea ulisimama na kurudi mwanzo. Miaka kumi na sita, kila siku, mkono wako umefundishwa kwamba baada ya kosa kinachofuata ni mwanzo wa wimbo. Siku ya Sange mkono haukukusaliti. Ulifanya kile ulichoufundisha.

Sasa nitasema neno ambalo hutalipenda, na Mama Agnès akilisikia anisamehe. Aliyekufundisha hivyo ni Maestro. Nilimsikiliza akiongoza mara nyingi na nilimheshimu sana, lakini katika hili alikosea. Kwa watu arobaini ngumi yake ilifaa, maana katika kundi mmoja akipotea, thelathini na tisa wanambeba, na kosa linapita bila kuonekana. Gitaa linalolia peke yake halina wa kulibeba. Labda yeye mwenyewe alilitambua siku ile alipokuona unarudi mwanzo mara ya pili. Angalia alichofanya, maana umeandika mwenyewe bila kukiona. Hakuinua ngumi. Hakusema ku mwanzo. Aliuchukua wimbo pale ulipovunjika akaenda mbele, na sauti yake ile iliyochoka. Kumpenda mwalimu hakukukatazi kuona kosa lake, na hilo la Sange ndilo somo lake la mwisho kwako, ulishike hilo uliache lile la ngumi.

Basi una wiki tano, na zinatosha. Saa sita kwa siku, acha. Mtu aliyechoka anajifunza uchovu tu. Piga dakika arobaini asubuhi kabla jua halijapanda, dakika thelathini jioni, na katikati usiliguse gitaa, fanya kazi zako, kula, lala vizuri. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, nawe umelirudia kwa bidii mpaka likakaa. Wiki ya kwanza usipige wimbo wote hata siku moja. Chukua ile kamba uliyoikosa, na sauti tatu kabla yake na tatu baada yake, upige polepole kama mtu anayefundisha mtoto kutembea, mara tano au sita tu, uache, uende kipande kingine, kesho urudi. Utakuta asubuhi ni kigumu tena kidogo. Usikate tamaa, ugumu huo wa kukikumbuka upya ndio unaokifanya kikae.

Wiki ya pili uanze wimbo kutoka nyuma. Piga mwisho wake kwanza, kisha ubeti wa nne na mwisho, kisha mahali pako pa peke yako na ubeti wa nne. Ukizoea hivyo, kila unaposonga mbele unaelekea mahali unapopajua vizuri zaidi, na hofu inapungua yenyewe. Kisha tafuta mtu wa kukutajia, “Ubeti wa pili! Katikati ya solo! Mwisho!” nawe uanzie hapo bila kujiuliza. Hivyo utakuwa na milango mingi ya kuingilia.

Na kila siku, mara moja tu, jioni, piga wimbo wote na sheria moja, ni marufuku kusimama. Kamba ikikosekana, ipite. Ukipotea kabisa, gusa sauti ya chini, hesabu kwa mguu, ingia ubeti unaofuata. Siku nyingine kosea kwa makusudi, ndiyo, kwa makusudi, uone kwamba dunia haikuanguka na mkono umejua njia ya kwenda mbele. Hili hujawahi kulifundisha mkono wako hata siku moja, na ndilo lililokosekana Sange.

Ukuta nao uuache. Uliutazama ukuta miezi miwili, halafu ukageuzwa kuangalia watu elfu moja, ulitegemea nini? Fungua mlango. Wiki hii mpigie mtu mmoja, wiki ijayo watano, kisha nenda Kalundu kwa akina mama wanaoanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, uwapigie hao. Watazungumza, watacheka, mmoja atakuambia acha kelele, watoto watapita katikati. Vizuri sana. Vaa viatu na shati utakavyovaa siku hiyo, simama kama utakavyosimama, na mtu akuchukue video, mpaka simu usoni iwe kitu cha kawaida.

Umeuliza kama hofu ina dawa. Mimi niko mbele ya mikro ya redio mwaka wa kumi na sita, na kila asubuhi taa nyekundu ikiwaka viganja vinatoka jasho. Hakuna dawa ya kuifukuza, na anayekuambia usiogope anapoteza muda wako. Mwili unajitayarisha kwa jambo kubwa, uuache ujitayarishe. Wewe toa pumzi nje polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara tatu, sikiliza mguu wako unavyohesabu, na mawazo uyatoe kwako uyapeleke kwenye maneno ya wimbo. Hofu yako yote ya Sange ilikuwa na swali moja, wananionaje. Siku hiyo wewe hutakuwa mwenye shughuli. Mwenye shughuli ni marehemu na mjane wake.

Sasa Frédéric. Nilimwacha hadi hapa makusudi, kwa kuwa bila yeye yote niliyosema hayatakufaa. Mficha uchi hazai. Unaposimama kupiga unashika gitaa kwa mkono mmoja na uongo kwa mkono mwingine, vidole vitatulia vipi? Nenda kwake kesho, peke yako. Usianze kwa kueleza ulivyoteseka, yeye ndiye aliyetolewa kazini. Sema, waya ulikuwa mzima, niliogopa, nikakutupia wewe. Kisha urudie maneno hayohayo mbele ya wakubwa wa korali, arudishiwe vyombo vyake. Anaweza kukukaripia, anaweza kukufungia mlango. Ni haki yake, pokea. Akikusamehe, mwombe awe yule mtu wa kwanza wa kumpigia, akae mbele yako na kukutajia mahali pa kuanzia. Mtu aliyenyamaza kwa ajili yako mwaka mzima anajua kusikiliza.

Mama Agnès usimwambie hapana. Mwambie ukweli, na umwambie kwanza kwa nini hukuja alipokuita. Atalia, labda atasema maneno makali. Kaa, usitoroke, na hiyo sahani yake uliyobaki nayo usiirudishe tupu. Hukuulizwa kama wewe ni mwanamuziki mzuri. Kati ya wapiga gitaa wote wa mji huu mjane amekuchagua wewe, kwa kuwa katika vidole vyako ndimo mumewe alimobaki. Swali lako la kama Maestro alikosea kukuchagua, usiliulize tena.

Na siku ya kuondoa kilio utakosea. Nakuambia mapema usije ukashangaa. Sijui ni ubeti gani, nawe hujui, ila kosa litakuja, na watu watalisikia, na Mama Agnès atalisikia. Endelea. Usiutazame waya, usimtazame mtu, nenda mbele mpaka sauti ya mwisho. Wimbo ukiisha ndipo uweke gitaa chini ulie, nasi tutalia pamoja nawe.

Mama Sidonie